Hongo ya Mirambo na gunia la mahindi



Ndugu wasomaji, huenda wengine mtashangaa kuona mafrateri tunaandika habari za biashara kati ya nchi na nchi. Nasi tulipotumwa Ulyankulu kwa mwaka wa uchungaji tulijiandaa kwa maswali ya ndoa, ya ushirikina na ya kwa nini michango haiishi. Lakini swali lililotukaa kichwani kuliko yote tuliulizwa na mama mmoja wa WAWATA, mkulima wa mahindi na karanga, tulipokuwa tunafundisha Mafundisho Jamii ya Kanisa kwenye jumuiya yao. Ilikuwa Mei 2025. Wiki chache kabla, redio zilikuwa zimetangaza kwamba Tanzania imezuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, na siku chache baadaye zikatangaza kwamba zuio limeondolewa. Mama akauliza: "Frateri, hawa wakubwa wakikasirikiana wanafunga, wakipatana wanafungua. Sasa sisi tulio katikati, wakati wanakasirikiana, tunakula nini?"

Tumelijadili swali hilo miezi mingi, sisi kwa sisi, pamoja na katekista na wazee wa parokia. Haya tunayoandika yametokana na mazungumzo hayo, na ni haki kusema kwamba hatukubaliani katika kila kitu.

Tuanze na mahali penyewe. Ulyankulu, ambayo leo iko wilaya ya Kaliua, wengi wanaifahamu kwa sababu ya ndugu zetu waliokimbia kutoka Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi hapa, kama wenzao wa Katumba na Mishamo. Wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Lakini miaka mia moja kabla yao, nchi hii ilikuwa mikononi mwa Mtemi Mirambo, na mji wake wa Iselamagazi ulikuwa pande hizi hizi. Barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora baada ya safari ya takribani miezi mitatu kwa miguu, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Waliotaka kupita kwa njia ya mkato walipita kwenye himaya ya Mirambo au jirani yake, na kila aliyepita alidaiwa hongo.

Hapa tusimame kidogo kwenye neno. Leo tukisema hongo tunamaanisha rushwa, kitu cha gizani. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia unaolipwa mchana kweupe: doti kadhaa za merikani (nguo iliyotoka Marekani, ndiyo maana ikaitwa hivyo), shanga, nyaya za shaba. Mtemi aliipokea kwa sababu watu wake walichota maji ya visima vyao kuwapa wageni, waliuza chakula na walilinda njia. Hakukuwa na ubaya katika hilo. Ubaya ulianza pale ambapo hakuna aliyejua hongo ni kiasi gani. Leo doti sita, kesho robota zima, kesho kutwa msafara unazuiwa kabisa. Mmoja wetu anaamini kwamba neno lilibadilika maana kwa sababu hiyo hiyo: ushuru usiojulikana kiwango chake hauna tofauti na rushwa. Hatuwezi kulithibitisha, lakini wazo ni zuri na tunaliacha hapa.

Ugomvi wa kwanza mkubwa wa ushuru tunaoufahamu hapa kwetu si wa Mirambo bali wa Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe. Aliyemtangulia, Fundikira, aliwapa nafuu wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Mnywa Sele alipotawala akawatoza. Wao hawakukubali, wakamwondoa mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa aliyekuwa rafiki yao. Mnywa Sele akaingia porini akawa anashambulia misafara. Mwaka 1861 Mwingereza Speke, akiwa njiani kwenda kutafuta chanzo cha Nili, alijaribu kuwapatanisha. Pande zote zilisema zinataka amani, na huenda zilisema kweli. Lakini Mnywa Sele alitaka kiti chake, na kwenye kiti alikuwa ameshakaa mtu mwingine. Mazungumzo yakavunjika, na vita haikuisha mpaka Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Mzee mmoja wa parokia alipolisikia jambo hili alicheka, akasema kwamba ukitaka kupatanisha watu wanaogombania kiti, lazima uwe na viti viwili.

Miaka sita baadaye ikaja zamu ya Ulyankulu yenyewe. Mwaka 1871, kwa simulizi ya Stanley aliyekuwa Tabora wakati huo, Mirambo alizuia msafara uliokuwa ukielekea Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo. Akalipwa. Halafu akawaambia warudi walikotoka. Hiyo ni simulizi ya upande mmoja. Mirambo naye alikuwa na madai yake ya madeni ya pembe za ndovu, na aliona kwamba Waarabu wa Unyanyembe hawawezi kuwa wafanyabiashara na papo hapo wawe askari wa jirani yake. Agosti mwaka huo jeshi la Tabora lilikuja na kuishambulia Ulyankulu, ambayo Stanley aliiandika "Wilyankuru". Walichukua pembe na watu. Wakiwa njiani kurudi, wamebeba mateka, Mirambo akawavizia kwenye majani marefu na kuwamaliza, kiongozi wao Soud bin Sayd akiwemo. Siku chache baadaye aliingia Tabora, mji ukachomwa sehemu, na Khamis bin Abdallah akauawa. Stanley ilimbidi azunguke kusini kabisa ili afike Ujiji kumtafuta Livingstone. Livingstone naye akaja kukaa Kwihara miezi mingi akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikawa ya hatari kwa miaka. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari kutoka pwani, wakala chakula cha watu na kurudi bila kumaliza kitu. Katika vitabu majina yanayobaki ni Mirambo, Barghash, Stanley. Wapagazi hawatajwi. Na wapagazi walikuwa watu wa huku, Wanyamwezi, waliobeba pembe mabegani mwao na kurudi na nguo. Njia ikifungwa, mtemi bado ana ng'ombe na mfanyabiashara bado ana ghala. Mpagazi ana mabega tu.

Ni nini kilichoituliza vita hii? Tumejaribu kutafuta siku moja, mkutano mmoja, hatukuupata. Kufikia 1876 pande zote zilikuwa zimechoka. Pembe zilikuwa zinalala upande mmoja, baruti na nguo zinalala upande mwingine. Aprili mwaka huo Mirambo alikutana na Stanley huko Serombo wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Mswisi mmoja mfanyabiashara, Philippe Broyon, aliyeishi katika nchi ya Mirambo, alisaidia kupeleka pembe zake pwani, hivyo Mirambo akapata mlango wa kuuzia bila kupitia kwa maadui zake wa Tabora. Baadaye akapokea na mmisionari daktari, Southon, wa London Missionary Society. Kwa maoni yetu, hapo ndipo pana somo kuliko kwenye kuchanjiana. Hasira ilipungua pale Mirambo alipokuwa na kitu cha kupoteza kama njia ingefungwa tena. Alikufa mwaka 1884, na mwaka uliofuata Wajerumani walianza kujiandikia nchi nzima, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa turuke miaka mia moja. Wazee wengi wa Tabora walifanya kazi reli, na ukitaka kuwaona wanakaa wima kwenye kiti, taja Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Mkataba wake ulisainiwa Kampala mwaka 1967. Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa na reli moja, posta moja, bandari chini ya shirika moja, ndege za shirika moja. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta Kampala. Mkataba ule uliona mapema kwamba Kenya ina viwanda vingi na itauza zaidi ya wenzake, ukaruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu bidhaa za jirani ili viwanda vyao vichanga visife. Halikuwa wazo baya. Lakini kodi ile haikutosha kuziba pengo, siasa za nchi zilitofautiana, na tangu Idi Amin apindue serikali Januari 1971 Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja. Wakuu wa nchi hawakukutana tena, na kila deni dogo la shirika likawa ugomvi usio na hakimu. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege lilikufa. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Mpaka ulikaa umefungwa zaidi ya miaka sita. Mzee mmoja wa jumuiya yetu anakumbuka kwamba jambo la kwanza waliloliona stesheni ni injini: zile zilizokuwa Kenya zilibaki Kenya, zilizokuwa huku zilibaki huku, na vipuri viliagizwa upya kutoka mbali kana kwamba Nairobi imehamia mwezini.

Aliyekuja kupatanisha ni Mswisi tena (Broyon angefurahi). Dkt. Victor Umbricht alipewa kazi hiyo mwishoni mwa 1977, na hakuanza na hotuba za udugu. Alianza na kuhesabu. Injini ngapi, meli ngapi, majengo gani, yako wapi, yana thamani gani, nani anadaiwa na nani. Aliendelea kuhesabu wakati Amin anapigana na Tanzania na kuanguka mwaka 1979, na wakati Uganda inabadilisha marais. Mwishowe mgawanyo ukakubaliwa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mali ilikuwa Kenya na Tanzania, hao wawili wakakubali kuifidia Uganda. Novemba 1983 marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wenyewe ulisainiwa Mei 1984, na ndani yake waliweka kifungu kwamba wataangalia njia za kushirikiana tena. Kifungu hicho kidogo ndicho mbegu ya Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulisainiwa Novemba 1999.

Tuliwaeleza wanajumuiya hesabu za Umbricht tukidhani zitawachosha. Kinyume chake, zilizua mjadala mrefu kuliko habari zote. Baba mmoja alisema ndivyo mirathi inavyogawanywa: ukianza kwa kuwaambia ndugu wapendane kabla ya kuhesabu ng'ombe, watapendana mpaka jioni tu. Tulimwomba ruhusa ya kumnukuu.

Lakini kuna upande usiopendeza. Wafanyakazi wa mashirika yale, waliokuwa wameweka miaka yao na michango yao humo, waliendelea kudai mafao. Hapa Tanzania madai yao yalifika mahakamani na yakawa bado yanasikika miaka ya 2000, wengi wao wakiwa wazee sana, wengine wamekwisha kufa. Mali zilihesabiwa kwa miaka sita. Watu walisubiri zaidi ya ishirini. Sisi tunaona kwamba upatanisho wowote wa biashara unapaswa kupimwa hapo: ni nani aliyelipwa mwisho?

Kanisa lenyewe halikupitia mpaka ule likiwa limenyamaza tu. AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1961, halikuvunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 maaskofu walikutana Zomba, Malawi, na mada yao ilikuwa jumuiya ndogondogo za Kikristo. Kwa hiyo Jumuiya yenye herufi kubwa ilikuwa imekufa, na jumuiya zenye herufi ndogo, hizi tunazosalia Alhamisi chini ya mwembe, zilikuwa zinapewa nguvu na maaskofu wa nchi ambazo mipaka yao ilikuwa imefungwa. Hatusemi kwamba hilo lilifungua mpaka. Lakini walizoea kukaa pamoja wakati wengine wamezoea kutokaa pamoja.

Ndugu zetu wenye asili ya Burundi wana kumbukumbu nyingine tena. Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Buyoya, nchi za ukanda huu zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vikakaa hadi Januari 1999. Nia ilikuwa kuwalazimisha wanajeshi wakae mezani, na walikaa, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi. Hata hivyo wenye jamaa Bujumbura na Bururi watakuambia zaidi kuhusu bei ya chumvi na mafuta ya taa kuliko kuhusu mezani. Katika suala hili sisi wenyewe tuligawanyika, na bado tumegawanyika.

Turudi kwenye gunia la yule mama. Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ikisema yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yakajipanga Namanga. Watu wengi hapa nchini walisema ni wivu wa kibiashara. Baada ya siku chache zuio lililegezwa kwa masharti: waagizaji wajiandikishe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei mwaka huo Rais Samia alikwenda Nairobi, akazungumza na Rais Kenyatta, na mahindi yaliyokwama yakaruhusiwa. Wataalamu wa pande mbili wakaandaa orodha ya vikwazo vinavyolalamikiwa wakaanza kuvifuta kimoja kimoja. Ni kazi isiyo na picha nzuri ya gazeti, na ndiyo inayodumu.

Tukubali kwamba zuio lilikuja ghafla na lilimwumiza mkulima asiye na kosa. Pia tukubali kwamba sumukuvu haikutungwa Nairobi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Haionekani kwa macho daima, haiondoki kwa kupika, na inapenda mahindi na karanga zilizokaushwa chini kwenye udongo, zikanyeshewa, zikarundikwa zikiwa na unyevu. Hayo ndiyo mazao ya Ulyankulu.

Tulipofika hapo mazungumzo yalibadilika. Yule mama aliuliza gunia likikataliwa mpakani linakwenda wapi. Hakuna aliyejibu haraka. Linarudi. Linashuka bei, linauzwa kwa asiye na uwezo wa kuchagua, au linabaki nyumbani linakuwa uji wa watoto. Nchi mbili zinaweza kupatana vizuri kabisa juu ya cheti, lori safi likapita, na uchafu wote ukabaki kwa maskini wa nchi inayouza. Papa Paulo VI aliligusa jambo la namna hii mwaka 1967 katika Populorum Progressio: alichukua fundisho la Leo XIII juu ya mshahara, kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya uwe wa haki, akalitumia kwa mikataba ya biashara kati ya mataifa. Mkulima wa hapa husaini karatasi nyingi msimu wa tumbaku. Hakuhitaji maelezo marefu juu ya aya hiyo.

Kuhusu ugomvi wa 2025 hatuna mengi. Machi Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, unga, mchele, tangawizi na ndizi zikiwemo. Afrika Kusini kwa miaka mingi ilikuwa haipokei ndizi zetu. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao, na Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, ambaye ni mtu wa Nzega hapa hapa mkoani, akagusia pia mbolea inayopitia kwetu kwenda Malawi. Wote watatu walikuwa na kitu cha kupoteza. Simu zikapigwa, zuio likaondolewa, na mwanzoni mwa Mei mawaziri wa Tanzania na Malawi wakakaa Dodoma. Siku kumi hivi. Ukilinganisha na miaka sita ya 1977, au na miaka ya Mirambo, ni maendeleo. Ila nyanya ina siku nne.

Msimu huu wa mavuno jumuiya tatu zimechanga fedha za maturubai ya kukaushia. Yamenunuliwa kumi na mawili, yanazunguka kwa zamu, na tayari kuna ugomvi wa nani anaanza. Katekista amechukua daftari anahesabu kila kaya ina magunia mangapi kabla ya kupanga zamu. Yule mama ameandikwa wa tano. Amekuja kulalamika mara mbili, na mara ya pili alikuja na karanga mkononi, akazivunja mbele yetu moja moja, akituonyesha zipi amezitenga za kuuza na zipi za nyumbani. Za nyumbani zilikuwa ndizo nzuri.